Barabara tunampa mkubwa, kituo tunampa mtu wetu

Anayetaka kulipima jina la barabara Unguja apande gari ya 505, ya uwanja wa ndege, amwambie utingo amshushe Barabara ya Nyerere. Utingo atamuuliza wapi, maana barabara hiyo ina urefu wake na hakuna abiria anayeshuka barabarani tu. Watu wanashuka Migombani, wanashuka Mazizini, wanashuka Kiembesamaki. Jina la Mwalimu lipo kwenye ramani, lipo kwenye barua za ofisi, lakini midomoni mwa abiria halimo. Wala si kwamba wamemdharau. Mji huu hauendwi kwa barabara. Unaendwa kwa mitaa, kwa vituo, kwa miembe na kwa nyumba za watu, na anayemuenzi mtu kwa barabara anamuweka mahali ambapo ulimi haupiti.

Nayasema haya kwa sababu ombi lenyewe halikatiki. Akifariki mtu mzito, au mtoto wa visiwani akishinda tuzo huko duniani, hazipiti siku nyingi utasikia barazani: huyu apewe barabara. Nia ni njema na siipingi. Ninachokitilia shaka ni kwamba tumechukua aina ya heshima iliyozaliwa katika miji inayoishi kwa namba za nyumba na majina ya njia, tukaileta katika mji ambao mtu akikuelekeza kwake anakwambia "ukifika msikitini ulizia kwa Bi fulani". Halafu tunashangaa kibao hakishiki.

Tazama Darajani. Pale zamani palikuwa na mkondo wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja la kuvukia. Mkondo ukafukiwa kidogo kidogo wakati wa Waingereza, daraja likaondoka, ikabaki barabara waliyoiita Creek Road. Baadaye ikapewa jina la Benjamin Mkapa, naye akiwa bado yu hai. Sasa muulize muuza urojo yuko wapi. Yuko Darajani. Maji yameondoka, daraja limeondoka, jina la Kizungu limebaki kwa watalii wenye vitabu vya zamani vya safari, jina la rais limebaki kwenye nyaraka, na Darajani ipo pale pale.

Upande wa pili wa barabara hiyo hiyo, Ng'ambo, kuna majina ambayo hayakuhitaji mgeni rasmi wala utepe wa kukata. Kwahajitumbo. Kwaalinatu. Kwaalimsha. Kwamtipura. Kwabintiamrani. Ni majina ya wakaazi. Hayakuandikwa na kamati. Watu waliyatumia mpaka serikali yenyewe ikayakubali na kuyafanya majina ya shehia, ngazi ya chini ya utawala wetu, yakaingia kwenye sensa na kwenye daftari la wapiga kura. Mwananchi wa leo akienda kuchukua barua ya sheha ili afungue akaunti benki, barua inatoka na jina la Haji Tumbo juu yake. Viongozi wangapi waliopewa barabara wanatajwa mara nyingi hivyo kwa siku moja? Hata Mchina ambaye jina lake halikuandikwa kokote ana kituo chake, Kwa Mchina, na ukikitaja hakuna atakayekuuliza wapi.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo wapangaji wa majina hawalitazami sana. Tulikuwa na utaratibu wetu wa kumuenzi mkaazi muda mrefu kabla ya vibao, na utaratibu huo ulikuwa na masharti makali kuliko ya baraza lolote. Jina liliingia mdomoni kwa sababu lilihitajika mdomoni. Aliyekuwa na kisima, aliyekuwa na duka la pembeni, aliyekuwa na shamba kabla ya mji kufika, huyo ndiye aliyetajwa. Hakuna aliyeweza kujipendekezea. Na wanawake hawakuachwa nje, Binti Amrani ni shahidi, wakati ukitazama barabara kubwa za mjini unakuta Kenyatta, Kaunda, Nyerere, Karume, Mkapa, wanaume watupu na wote marais.

Nisionekane nasema kwamba jina la serikali haliwezi kushika. Linashika, ila kwa sharti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya iliyabadilisha majina mengi kwa haraka, na nusu karne baadaye tunaweza kuona lipi limeota mizizi na lipi limenyauka. Skuli iliyoitwa King George VI ikawa Lumumba, na hilo limeshika sawasawa. Mtu mzima mwenye wajukuu anakwambia kwa kujivuna "mimi nimesoma Lumumba". Ben Bella imeshika. Haile Selassie imeshika, ingawa mfalme mwenyewe alipinduliwa kwao mwaka 1974 na hakuna aliyeona haja ya kuifuta skuli. Pemba wapo waliosoma Fidel Castro na hawaoni ajabu yoyote. Uwanja wa Mao Zedong ni Mao tu, vijana wanauliza "leo Mao kuna mechi?" bila ya kuifikiria China hata kidogo.

Lakini hospitali kuu, iliyokuwa ya Karimjee Jivanjee, ikapewa jina la V.I. Lenin, na Lenin hakukaa. Mgonjwa alikuwa anapelekwa Mnazi Mmoja hata kibao kikiwa kinasema vyengine, na mwisho kibao ndicho kilichosalimu amri.

Kwa nini Mao abaki na Lenin aondoke? Jibu langu, na atakaye anipinge, ni kwamba uwanja na skuli havikuwa na jina jengine lenye nguvu ya kushindana, na vyote viwili ni mahali ambapo mtu anajinasibu napo. Ukisoma skuli unabeba jina lake mpaka kaburini. Ukicheza uwanjani vivyo hivyo. Hospitali hakuna anayejinasibu nayo, na ile ilijengwa mahali ambapo tayari palikuwa na jina la wenyewe. Barabara ni mbaya zaidi kwa hali zote mbili: mtu anaipita bila kuimiliki, na kila hatua mia ina jina lake la mtaa linaloishinda nguvu.

Ukitaka kuiona heshima iliyopotea kwa karibu, pita mtaa wa Gizenga, ule unaotokea nyuma ya Ngome Kongwe. Njia nyembamba, kanga zimetundikwa ukutani kwa vibanio, picha za tingatinga zimepangwa mpaka chini kwenye sakafu ya baraza, paketi za viungo zimefungwa kwa utambi wa mkonge, na kila mlango una kijana anayekukaribisha kwa lugha anayodhani ni ya kwenu. Gizenga ni Antoine Gizenga, naibu wa Patrice Lumumba katika serikali ya kwanza ya Kongo huru. Lumumba alipouawa Januari 1961, Gizenga alikuwa ndiye anayeongoza serikali yao kule Stanleyville. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaja kuwa waziri mkuu wa Kongo mwaka 2006, akafariki 2019 akiwa na miaka 93. Alikuwa na mtaa wake Unguja muda wote huo, katikati ya biashara ya watalii. Ni heshima kubwa iliyotolewa na watu waliokuwa na sababu zao, na iliyobaki bila ya mtu wa kuisimulia. Hata mstari mmoja wa maelezo chini ya jina ungetosha.

Wakati huohuo watu wetu wanapata vibao vya wenzetu. Feltham, pembezoni mwa London, mwaka 2020 walikipa kijia jina la Freddie Mercury, mwimbaji mzaliwa wa Unguja, kwa sababu huko ndiko familia yake ya Bulsara ilikokwenda kuishi ilipoondoka Unguja mwaka 1964. Berlin mwaka 2021 iliiondoa Wissmannstrasse, jina la Mjerumani aliyekuja kuvunja upinzani wa pwani yetu kwa bunduki, ikampa mtaa huo Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika. Sisi hapa Freddie tumemfanyia makumbusho Shangani mwaka 2019, kwenye Barabara ya Kenyatta, na hata hilo ni la biashara. Wenye kumbukumbu watakumbuka mwaka 2006 Uamsho, jumuiya ya Kiislamu, ilivyopinga sherehe ya kuzaliwa kwake mpaka sherehe ikafutwa. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi wanadhani kutoa jina ni jambo la furaha tupu. Jina la mtu likipandishwa juu, maisha yake yote yanapanda nalo, na majirani wana haki ya kuuliza.

Hamburg wameulizana kwa uchungu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa Emily Ruete na kuishi Hamburg. Mwaka 2019 mji huo ulikipa kiwanja kimoja jina lake. Ilionekana ni jambo zuri sana: mwanamke, mhamiaji, mwandishi. Haikupita muda watu wakasoma kwa makini aliyoyaandika kuhusu utumwa na namna alivyowatetea wenye watumwa, na mwaka 2020 jina likaondolewa. Sisi tulimtengea chumba ndani ya Makumbusho ya Kasri, na sioni sababu ya kukiondoa, maana makumbusho kazi yake ni kueleza. Kibao cha mtaani hakielezi kitu. Kinasifu tu, halafu kinanyamaza. Ndio maana anayetoa kibao lazima asome kwanza.

Chicago wana njia ya kati, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa zaidi, kwa kurekebisha hapa na pale. Tangu miaka ya 1980 mji ule unatoa majina ya heshima ambayo hayaliondoi jina la barabara. Kibao cha kawaida cha kijani kinabaki juu, na chini yake kinawekwa cha rangi ya kahawia chenye jina la anayeenziwa. Anwani haibadiliki, barua haipotei, mwenye duka hachapishi upya karatasi zake. Diwani wa eneo ndiye anayepeleka pendekezo, baraza la jiji linapitisha. Ni rahisi, na urahisi wenyewe ndio ugonjwa wake: vibao vimekuwa vingi mno, zaidi ya elfu moja, na wengi wao ni watu ambao mtaa wa pili hauwajui. Hugh Hefner, mwenye jarida la picha za uchi, alipata cha kwake mwaka 2000. Fred Hampton, kijana wa Black Panther, chama cha ukombozi wa Wamarekani weusi, aliyeuawa na polisi kitandani mwake mwaka 1969, mwaka 2006 alikataliwa baada ya askari kuja juu. Kwa hiyo kahawia nayo ina siasa. Ila tazama faida: waliomkataa Hampton walikataa nyongeza. Hakuna aliyevuliwa jina ili yeye avikwe, na wanaotaka kumpendekeza tena mlango uko wazi.

Kwetu faida hiyo ni kubwa mara kumi. Zanzibar ni mahali ambapo ukitaja mtu wa miaka ya 1950 na 1960 unajua kabla hujamaliza sentensi nani kwenye baraza atakunja uso. Abdulrahman Babu kwa huyu ni mwanamapinduzi aliyeona mbali, kwa yule ni jambo jengine. Abdullah Kassim Hanga alikuwa waziri mkuu wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar mwaka 1964 na miaka mitano baadaye akauliwa. Jina lake hutajwa kwa sauti ya chini mpaka leo. Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na namna anavyozungumzwa Wete si namna anavyozungumzwa kila pahala Unguja. Ukisema barabara kuu ya mji ivuliwe jina ili mmoja wa hawa avikwe, umeanzisha vita. Ukisema wananchi wa Mtambwe waamue wenyewe jina la heshima la njia yao, chini ya jina lililopo, umewapa watu kitu bila ya kuwapokonya wengine. Kamati ya mjini haina la kufanya hapo zaidi ya kuhakikisha tahajia.

Ndio maana ningetaka ombi lianzie kwenye shehia, kwa mkutano, na liandikwe sababu. Leo mara nyingi mambo huwa kinyume: jina hutangazwa jukwaani siku ya uzinduzi, watu wakapiga makofi, na makofi yakahesabiwa kuwa ni ridhaa. Na ningeongeza sharti moja ambalo najua wakubwa hawatalipenda: asipewe aliye hai. Aliye hai bado anaweza kutuaibisha, na zaidi ya hapo, wanaompa wanataka kitu kwake. Miaka kumi baada ya kufariki ni muda wa kutosha kwa wenye haraka kupoa na kwa wenye siri kuzisema.

Sharti hilo linamgusa Abdulrazak Gurnah, mwandishi, mtoto wa Malindi ya hapa Unguja, aliyepewa Nobeli ya fasihi Oktoba 2021. Siku ile ile tulianza kubishana ni wetu au si wetu, kwa sababu ya pasipoti yake ya Uingereza, wakati vitabu vyake madukani vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Mungu amzidishie umri. Kibao chake kisubiri. Cha sasa ni kusomwa. Riwaya yake moja imeshatafsiriwa na kuchapishwa kwa Kiswahili, basi iwepo kwenye maktaba ya kila skuli ya sekondari kabla hatujakwenda kupima ukuta wa Malindi kwa futi.

Waliotangulia mbele ya haki tunao wa kutosha. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwalimu wa skuli aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ndiye aliyetuachia tafsiri ya Kurani ambayo bado iko juu ya makabati ya nyumba nyingi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimuumba Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi wa kwanza wa Kiswahili aliyetufanya tukeshe. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu aliyefariki 2021 na ambaye itabidi asubiri miaka yake kumi, alikuwa na mashairi kichwani kuliko wengi walivyo nayo vitabuni. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago, aliondoka Aprili 2013, akiwa ameshapewa tuzo ya muziki wa dunia ya WOMEX ya mwaka 2005, na najua fika kwamba jina lake likifika kwenye mkutano wa shehia kuna wazee watakaouliza kuhusu sigara. Waulize. Wapo pia kina mama aliowacheza unyago, na wao watajibu.

Zamani ningesema hata haya yote ni bure, kwa kuwa barabara zetu hazitajwi. Lakini mambo yameanza kubadilika. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilipita mpaka vichochoroni kutafuta jina la kila njia na namba ya kila nyumba. Vijana wa bodaboda wanaoleta vyakula wanafuata ramani ya simu. Mgeni wa nyumba ya kulala anatumiwa alama kwenye skrini, hatafuti tena mwembe. Jina la njia ambalo baba yake hakuwahi kulitamka, kijana wa leo analisikia likisomwa na simu kwa lafudhi ya ajabu. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza vibao vitapata midomo, na yaliyoandikwa kwa haraka wakati wa operesheni yataganda kama yalivyo, mazuri na mabovu. Kuna njia zilizopewa majina ya maua ambayo hayaoti visiwani.

Na ningependa tusiishie kwenye njia. Utaratibu wa kina Haji Tumbo unatuonesha pa kuweka jina: kituo cha gari, skuli mpya ambayo bado haijazoeleka kwa jina jengine, uwanja wa mtaa, bandari ndogo ya wavuvi. Vitu vinavyotajwa kwa lazima. Amani, uwanja uliofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023, ukapewa jina lenye "New" mbele na "Complex" nyuma. Watu wanaendelea kusema Amani, na wana akili.

Wa kuanzia naye, kama ningeulizwa, ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880, binti wa ukoo wa watumwa, akichukua vyungu vya mama yake kuviuza mjini. Akaja Unguja mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na kwa Kiswahili, wakati taarabu ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Alifariki 1950. Njia aliyokuwa akiipita na vyungu kichwani leo inapitwa na magari ya kokoto, maana Fumba unajengwa mji mpya, ghorofa kwa ghorofa, na mabango ya kuuzia nyumba yamejaa majina ya Kiingereza ya bustani na upepo wa bahari. Baraza la manispaa likae na masheha wa Fumba sasa hivi, kabla wanunuzi hawajahamia na kuyazoea yaliyo kwenye mabango. Kituo cha gari cha kule mwisho bado hakina jina jengine la kushindana nalo.